Uso Wangu Umekataa Maji

Leo nimeadhirika.

Tena mchana kweupe, kabla wali haujapoa. Walioshuhudia ni wanne: mhandisi kutoka makao makuu, dereva wake, mama anayetupikia, na mzee ninayemheshimu kuliko mtu yeyote katika mji huu wa Songea. Ninawaandikia ninyi, waandishi wenzangu wa kundi la Jumamosi, kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa yule dereva. Dada anayesimamia chumba hiki cha intaneti amenitazama mara mbili tangu nikae. Ana haki. Uso wangu unang'aa kama sahani mpya.

Wengi wenu mnajua kwamba nina riwaya. (Mnajua pia kwamba haijaisha. Msinikumbushe.) Wachache mnajua ninakula kwa kazi gani. Nikiulizwa huwa nasema "niko kwenye mambo ya ziwa," halafu nakohoa. Ukweli ni huu: ninasafisha plagi.

Niwaeleze, maana bila hilo aibu yangu hamtaielewa. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay, tuna vyombo viwili vya kupimia maji. Kila kimoja ni bomba nene la chuma, refu kama mkono wa mtu mzima, lililotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya bahari kuu. Bomba linazamishwa kwa kamba na zege, linakaa chini gizani miezi sita, linaandika joto la maji na mwendo wake. Kisha linavuliwa na kuletwa huku juu, tunafungua nyaya zake, tunazisafisha, tunazirudisha. Pale waya unapoingia kwenye bomba pana plagi ya mpira mweusi, dume na jike. Hapo ndipo ilipo roho ya chombo. Maji yakipenya hapo, hata tone, miezi sita ya ziwa imekufa. Na hakuna atakayejua kwamba imekufa mpaka siku ya kulivua.

Plagi hulindwa kwa usafi, kwa ukavu, na kwa grisi. Grisi yenyewe ni ya silikoni, nyeupe, haina harufu, inatoka nje ya nchi, na hupakwa kidogo sana: punje moja ya mchele kwa plagi nzima. Maji yakiikuta yanajikunja na kuondoka.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Haule, fundi wetu mkuu. Mkuu na wa pekee. Wengine walipunguzwa kazi mwaka ule iliposemwa kwamba Serikali imekuwa nzito. Ana miaka ishirini na miwili katika karakana hii. Ana kiboksi cha ugoro mfuko wa kushoto na bisibisi ndogo mfuko wa kulia, na hajawahi kukosea mfuko. (Kumbukeni jambo hili.)

"Mafuta ya taa ni sumu kwa mpira huu," aliniambia siku ya kwanza. "Mafuta ya kula ni sumu. Na haya ya mgando mnayojipaka ndiyo sumu kuliko yote, kwa sababu hayaui leo. Plagi inakaa vizuri, unaipima inasema nzima, unashangilia. Kule chini mpira unavimba polepole, unalegea, mdomo unaachia."

Akanionyesha plagi moja iliyokufa hivyo, iliyoletwa miaka ya nyuma kutoka kituo kingine. Ilikuwa imevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Ameipigilia msumari ukutani, juu ya meza yangu. Nimeitazama kila siku kwa miezi minane. Nimeiandikia hata shairi.

Sasa jueni tulichokuwa tunakisubiri leo. Wiki tatu zilizopita ilikuja barua: karakana za mikoani zitakaguliwa. Itakayoonekana haiaminiki itafungwa, na vyombo vyake vitahudumiwa Dar es Salaam. Sentensi mbili, mhuri mmoja. Mzee Haule aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaendelea kukaza skrubu. Jioni ndipo aliponiuliza, bila kunitazama:

"Wewe mtunzi, huko Dar wana mtu wa kuzisikiliza hizi plagi?"

Nilijua anauliza atakuwa nani, akiamka asubuhi na karakana haipo.

Basi, asubuhi ya leo.

Mnaujua mwezi wa saba wa Songea. Upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro kama umetumwa, ngozi inapauka mpaka unaweza kuiandika kwa ukucha. Nimetoka mtaani kwangu Lizaboni kwa miguu, vumbi jekundu limenipanda hadi kwenye nyusi, mafua yameziba pua zote mbili. Nimefika karakana saa moja. Umeme hakuna, ni zamu yetu ya mgao. Nikanawa kwenye koki ya nje, maji ya baridi ya kukata, nikaingia ndani natetemeka, nikapapasa mezani kutafuta mafuta yangu ya kujipaka.

Jamani, hapa pana historia ya kikopo.

Zamani, mama yangu husimulia, kulikuwa na mafuta ya aina moja, na siku nyingine hata hayo hayapo. Siku hizi ni ruksa. Maduka ya sokoni yana mafuta ya kila rangi, na mimi, mtu wa sanaa, nimechagua ya waridi. Kikopo cheupe, kifuniko cha bluu. Huwa nakiacha kazini kwa sababu ya hilo vumbi la njiani. Mwezi wa tano kikopo kimoja kiliisha. Wiki hiyohiyo tyubu ya grisi ya silikoni ikapasuka. Mzee Haule akasema, "Usikitupe hicho kikopo, mtunzi. Kioshe." Nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, nikakianika juani. Akahamishia grisi humo. Mimi nikaenda sokoni kununua kikopo kingine cha waridi.

Cheupe. Kifuniko cha bluu.

(Ndiyo. Mmeshafika. Mimi nilichelewa kufika kwa saa sita.)

Nikachovya vidole viwili, nikajipaka. Uso, shingo, mikono hadi kwenye viwiko. Niliona mafuta hayaingii, yanateleza tu juu ya ngozi kama mgeni asiyetaka kukaa. Nikasema ni baridi. Harufu sikuisikia. Nikasema ni mafua. Kikopo hicho nikakitia kwenye mkoba wangu, kando ya muswada, wageni wasikikute mezani. Kile kingine kikabaki mezani, chini ya plagi iliyovimba, kikinisubiri.

Saa mbili akaingia Mzee Haule.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umelala?"

"Kidogo."

"Mimi sikulala." Akavuta ugoro, akapiga chafya, akafuta pua kwa leso. "Leo utapaka wewe. Mikono yangu inatetemeka. Nitakaa hapa nikutazame."

Alinyoosha mikono nione. Ilikuwa inatetemeka kweli. Mikono ile imewahi kutoa unywele mmoja ndani ya tundu la plagi kwa kibano, na mimi nikiwa sijauona unywele wenyewe.

Nilifanya kazi ile kama mtu anayeandaa altare ya misa. Nilifuta kila pini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Nililowesha pamba kwa spiriti, nikapitisha, nikaacha hewa ikaushe. Nilimulika tochi ndani ya kila tundu, nikatafuta ufa, nikatafuta chembe ya mchanga. Kisha nikafungua kikopo kilichokuwa mezani, nikachovya ncha ya kidole. Punje ya mchele. Nikaisambaza mpaka mpira ukabaki na mng'ao tu, kama jicho. Nikasukuma dume ndani ya jike, moja kwa moja, bila kuzungusha, nikasikia hewa ikitoka kwa pumzi ndogo. Nikakaza pete ya kufungia kwa vidole, bila koleo. Chombo cha kwanza plagi nne. Chombo cha pili plagi nne. Ilinichukua saa moja na nusu, na kwa muda wote huo sikuifikiria riwaya yangu hata mara moja.

"Sasa umekuwa fundi," Mzee Haule akasema.

Ndugu zangu, hata sura yangu ya kwanza haikupata sifa kama hiyo. (Ninyi mlisema "ina kurasa nyingi.") Mzee alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye waridi. Lakini ugoro wa miaka arobaini umeshaiua pua yake, na yangu ilikuwa imezibwa na mafua. Karakana nzima haikuwa na pua.

Saa nne gari likaingia. Akashuka Mhandisi Salma, mama wa miaka hamsini hivi, sweta zito, kalamu imening'inia shingoni kwa uzi. Nyuma yake dereva, Yasini, mzaliwa wa Tunduru anayefanya kazi Dar, mtu ambaye mdomo wake hauna breki ingawa gari lake linazo. Tukaamkiana. Mhandisi Salma akasimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu.

"Karakana yenu inanukia vizuri," akasema. "Zote nilizopita zinanuka dizeli."

"Wangoni hawa!" Yasini akadakia. "Wamesikia mgeni anakuja, wamemwaga marashi. Kwetu Tunduru namna hii ni mpaka kuwe na harusi."

Mzee Haule alitabasamu bila kuelewa. Mimi nilielewa kabisa. Niliamini wanasifu nidhamu yetu. Nikajibu, "Usafi una harufu yake, mama."

(Nilisema hivyo. Kwa sauti. Nikiwa nimeweka mkono kifuani.)

Tukaenda kwenye pipa. Hapa Songea ziwa liko mbali na bahari iko mbali zaidi, kwa hiyo Mzee Haule hutengeneza bahari yake mwenyewe: pipa la maji na kilo mbili za chumvi kutoka jikoni kwa Mama Agnesi, mpishi wetu. Maji ya chumvi hupitisha umeme upesi, yakikuta mwanya kwenye plagi yanausema. Chombo kinazamishwa, waya unaunganishwa kwenye mita ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, unazungusha, unatazama sindano. Ikianguka, pana mahali panavuja. Ikipanda mpaka mwisho na kutulia, chombo ni kizima.

Mzee akazungusha. Sindano ikapanda, ikatulia.

"Naomba," akasema Mhandisi Salma. Akapiga magoti sakafuni na sketi yake nzuri, akazungusha mwenyewe. Ikapanda, ikatulia. Akapima nyaya zote nane. Ilisikika ile mita tu, na Yasini akitafuna karanga.

"Mzee wangu," akasema alipoinuka, "nimepita mikoa minne. Sindano iliyotulia namna hii sijaiona."

Akatoa fomu kwenye jalada, akaiweka mezani, akaisawazisha kwa kiganja. "Nitasaini tukishakula. Alasiri Yasini anapakia, kesho vinashuka ziwani."

Mzee Haule akasema ahsante, akatoka nje kupenga kamasi. Alikaa huko muda mrefu. Na ugoro hakuwa amevuta.

Sasa tufike kwenye wali.

Mama Agnesi ni mwenyeji wa Peramiho, na akipika kwa ajili ya wageni huanza jana yake. Wali, maharage ya nazi, na mbasa waliotoka ziwani asubuhi ya jana, wamekaangwa mpaka mapezi yanavunjika. Tukakaa kuzunguka meza ileile ya kazi, tukaifunika kitambaa. Akaja na jagi na beseni kutunawisha. Akaanza na Mhandisi. Akaja kwa Yasini. Akaja kwa Mzee. Akaishia kwangu.

Akamimina. Maji yakanigusa mkono, yakavunjika vipande. Yakawa shanga. Shanga zikaviringika juu ya ngozi yangu, zikakimbizana, zikadondoka kwenye beseni moja baada ya nyingine, na mkono ukabaki mkavu. Mmewahi kumwagia maji jani la gimbi? Ndivyo hivyo.

"Mwanangu," Mama Agnesi akanong'ona, "mbona maji yanakukimbia?"

Akamimina tena. Yakakimbia tena. Nikasogeza kiganja usoni kama mtu anayejipangusa. Uso nao ulikuwa mkavu, laini, wa kuteleza. Nikainua macho. Ukutani, juu ya kichwa cha Mzee Haule, ile plagi iliyovimba ilikuwa inanitazama.

Nikaona asubuhi yote ikirudi. Vidole viwili. Mkoba. Vikopo viwili vyeupe. Mgeni mlangoni akivuta pumzi.

Nikatabasamu, nikasema "baridi tu, mama," nikatia tonge mdomoni.

Nitawaambia nilichofikiri, na mnihukumu mnavyotaka. Nilifikiri: sindano imetulia. Nilifikiri: hayaui leo. Vyombo vitashuka kesho, vitakaa chini, mpira utavimba mwezi wa tisa au wa kumi, na vitakapovuliwa mwezi wa kwanza, nani atakumbuka kikopo cha waridi? Watasema ni uzee wa plagi. Fomu itakuwa imeshasainiwa, karakana itakuwepo, Mzee Haule ataamka asubuhi na atakuwa na pa kwenda. Ninachotakiwa kufanya ni kumeza tonge. Riwaya yangu imejaa watu wanaosema ukweli kwa urahisi, ukurasa wa mwisho, mvua ikinyesha. Nilikuwa naandika upuuzi. Lile tonge lilikuwa kubwa kuliko mlima.

Na Mzee Haule, ambaye huwa hazungumzi mezani, leo alikuwa anazungumza.

"Ukisukuma sawasawa, inapumua," alikuwa akimwambia Mhandisi. "Ukiisikia ile pumzi, unaweza kwenda kulala. Huyu mtunzi leo zote nane kazipumulisha. Niliketi hapo nikimsikiliza. Nikasema basi, hata nikiondoka."

Akacheka. Mhandisi Salma naye akacheka. Mkono wake wa kulia ukiwa na wali, akavuta fomu kwa kushoto, akashika ile kalamu ya shingoni, akaiuma kifuniko chake kwa meno.

"Mama," nikasema. "Usisaini."

Akanitazama, kifuniko kikiwa mdomoni.

"Nimekosea vikopo."

"Vikopo gani?"

"Plagi zote nane nimezipaka mafuta yangu ya kujipaka. Ya waridi. Na grisi..." Nikajigusa shavu. "Grisi ya silikoni nimejipaka mimi."

Karanga za Yasini zikasimama.

"Umejipaka wapi?" akauliza Yasini, kwa upole wa kutisha.

"Usoni. Na shingoni. Na mikono yote."

Mhandisi Salma akatoa kifuniko mdomoni, akakiweka mezani. "Una uhakika gani?"

"Maji hayanishiki, mama."

Wenzangu, kuna watu ambao wangeamini hapo. Wahandisi hawaamini, wanapima. Akainuka, akachukua kikombe cha maji ya kunywa, akasimama mbele yangu. "Fumba macho," akasema. Nikafumba. Akanimiminia kwenye paji la uso, taratibu, kikombe kizima.

Nilisikia shanga zikishuka mashavuni na kudondokea mapajani, moja moja. Nikasikia tochi ikibonyezwa. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ananimulika shavu kwa karibu, uso wake mzito kabisa, jinsi nilivyomulika mimi yale matundu asubuhi.

"Hakuna hata unyevu," akatangaza. "Grisi yenu ni nzima."

Yasini akaanguka kutoka kwenye stuli. Sisemi kwa kutia chumvi. Alianguka, akalala ubavu sakafuni, akapiga miguu. "Mzamisheni!" akawa analia. "Mzamisheni huyu ziwani, huyu ndiye hatapenya maji! Plagi zirudi Dar na mimi zinanukia!" Mama Agnesi alijiziba mdomo kwa khanga, akasema "Yesu na Maria," akatoka mbio jikoni, na kutoka jikoni tukasikia kicheko ambacho sikujua kama anacho.

Mzee Haule hakucheka.

Aliinuka, akaenda kwenye chombo cha kwanza, akafungua pete, akashika plagi kwenye shingo yake (hata katika saa ile hakuvuta waya), akaitoa. Akaipeleka puani kwa mazoea. Akakumbuka hana pua. Akampa Mhandisi.

Mhandisi Salma akanusa. "Waridi," akasema.

Mzee akabaki amesimama, plagi mkononi, mgongo umeinama kidogo. Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Nayo, ndugu zangu, hayakukaa. Hata huzuni yangu ilikataa kunishika. Ilikuwa inaviringika na kudondoka kwenye wali.

"Kikopo nilikiomba mimi," Mzee Haule akasema hatimaye, akiielekea meza kuliko mtu. "Miaka ishirini na miwili namwambia kila anayeingia humu, andika, andika, usitegemee kichwa. Kikopo sikukiandika." Akanigeukia. "Kaa umalize kula. Ni saa nne tu tangu zipakwe. Mpira haujavimba kwa saa nne."

Nikakaa. Nikamaliza kula. Wali ulikuwa na ladha ya silikoni, ambayo ni ladha ya kutokuwa na ladha yoyote.

Mchana wote tukafanya upya. Mhandisi Salma alivua sweta, akakunja mikono ya blauzi, akakaa nami meza moja akifuta pini. Tulisafisha kwa sabuni, tukasuuza, tukapitisha spiriti, tukabadilisha kila oringi, zile pete ndogo za mpira, ingawa zilionekana nzima. Grisi ilitoka kwenye mkoba wangu. Mzee Haule alikwangua tabaka la juu lililoguswa na vidole vyangu, akalitupa, kisha akapima kwa kijiti yaliyobaki. Punje nane za mchele. Zilitosha, na ya tisa isingepatikana. Safari hii alipaka yeye. Nilitazama mikono yake. Haikutetemeka.

Yasini ndiye aliyezungusha mita. Sindano ikapanda, ikatulia, vilevile kama asubuhi. Mhandisi Salma akaitazama muda mrefu.

"Mzee," akasema, "hii sindano haikuniambia kitu asubuhi. Ingekaa kimya mpaka mwezi wa kwanza."

"Ingekaa kimya," Mzee akakubali.

Mhandisi akachukua kalamu. Aliandika kwenye fomu mistari michache, na kwa kuwa nimezoea kusoma maandishi ya watu yakiwa kichwa chini, niliisoma yote. Ulianza mstari wa tarehe. Kisha: *Karakana ibaki. Vikopo viandikwe.* Kisha sahihi yake.

Sijawahi kusoma nathari bora kuliko hiyo.

Wakapakia, wakaondoka. Yasini alitoa kichwa dirishani gari likitoka getini: "Mtunzi! Masika ikija usinunue mwavuli!" Hata nyanya za sokoni zitakuwa zimeshaisikia habari hii, maana njia yao inapita hapo.

Tukabaki wawili. Mzee Haule akakata kipande cha plasta nyeupe, akakata kingine, akanipa kalamu ya wino mzito.

"Wewe si mtunzi?" akasema. "Tunga."

Nikatunga, nikabandika. Akavichukua vile vikopo, akavishika mbali na macho yake, akavisoma kwa sauti, kidole kikipita chini ya kila neno. Hakusahihisha hata herufi. Akaviweka juu ya rafu, kila kimoja upande wake, akafunga karakana. Nje akasema, "Kesho uje saa moja." Nikajua kwamba kesho ipo.

Nimeosha uso mara nne, mara ya mwisho kwa sabuni ya kufulia. Bado.

Kwa miaka mitatu mmekuwa mkiniuliza kazi yangu ya kwanza itatoka lini. Imetoka leo jioni, kwenye plasta, juzuu mbili. Ya kwanza inasema GRISI YA ZIWA. Ya pili inasema USO WA MTUNZI. Someni, sambazeni, ila Jumamosi nikiingia msicheke: mkiniliza tena, sina pa kuyashikia machozi.